Kompyuta tatu, mifumo mitatu: programu gani ya hesabu za familia itafunguka kote?

SWALI

Ndugu zetu wa safu ya ushauri, habari za kazi.

Nina duka la vitambaa na vifaa vya ushonaji hapa Majengo, Moshi. Mume wangu anaongoza wageni mlimani. Mshahara analipwa kwa shilingi, tipu anapewa kwa dola. Tuna kompyuta tatu na hakuna mbili zinazofanana. Ya dukani ni ya mezani, ina Windows 10. Ya baba watoto ni MacBook aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kijana wetu anayesoma chuo Arusha ana laptopu ya Ubuntu.

Hesabu za nyumbani tulikuwa tunaziandika kwenye Excel: ada, kodi, rejesho la mkopo wa SACCOS, mchango wa VICOBA, M-Pesa, kila kitu. Faili tukaliweka kwenye folda ya mtandaoni ili kila mtu aandike kutoka alipo. Juzi nimekuta mafaili mawili yenye jina moja, la pili limeongezewa neno la kuonyesha kuna mgongano. Rejesho la SACCOS lipo kwenye moja tu, ada ya mtoto mdogo ipo kwenye lingine, na dola alizobadilisha baba watoto zimeandikwa kote kuwili kwa viwango tofauti.

Sasa kila mmoja ana lake. Kijana anatumia HomeBank na anaisifu. Baba watoto ameambiwa anunue Quicken. Jirani yangu ambaye ni mhasibu ananishauri GnuCash, lakini nilipoifungua nikaona mambo ya kihasibu, nikaifunga. Sitaki kulipia leseni tatu. Naomba mnieleze ipi inafunguka kwenye kompyuta zote, inaelewa dola na shilingi pamoja, na kama kuna yoyote inayoweza kuvuta yenyewe taarifa za benki na M-Pesa.

Mama Vitambaa, Moshi

JIBU

Mama Vitambaa, mgongano ule haukuletwa na Excel, kwa hiyo kubadilisha programu peke yake hakutauondoa. Folda ya mtandaoni haijui hesabu. Inachojua ni kwamba faili limeguswa. Wewe ukiandika dukani intaneti ikiwa imekatika, na mzee naye akaandika kwenye MacBook, mtandao ukirudi folda inakuta mafaili mawili yaliyotoka kwenye moja. Haiwezi kuyaunganisha mstari kwa mstari, basi inayaweka yote mawili na kuwaachia nyinyi kazi. Programu za hesabu za kompyuta tutakazowashauri hapa chini zina sharti hilohilo: faili moja, mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Amueni kwanza nani anashika faili. Sisi tunaona liwe mikononi mwako na likae kwenye kompyuta ya dukani, maana mzee akipanda na wageni kwa njia ya Machame au Lemosho, wiki nzima hagusi kompyuta.

Sasa programu zenyewe. Quicken tuiondoe mapema. Ipo ya Windows na ipo ya Mac, ila hizo ni programu mbili zenye mafaili tofauti. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine lazima faili ligeuzwe. Ya Linux, yaani mfumo ambao Ubuntu ya kijana wenu ni aina yake mojawapo, haipo. Hulipiwa kila mwaka, na faida yake kubwa, yaani kuunganishwa na benki moja kwa moja, imelengwa kwa watu wa Marekani na Kanada. Mtu wa Moshi atalipia hasa kile asichoweza kukitumia. Microsoft Money, endapo kuna msamaria atawaletea kwenye flashi, iliachwa na wenyewe mwaka 2009 na ni ya Windows tu. Moneydance inafunguka kwenye mifumo yote mitatu na ni programu ya maana, lakini inauzwa. Ya majaribio inawaruhusu kuingiza miamala 100 kwa mkono, kisha mnalipa.

Kijana wenu hajakosea kuisifu HomeBank. Ni nyepesi, ni ya bure, inaenda hata kwenye kompyuta chakavu, na grafu zake za matumizi zinasomeka bila kufundishwa. Tatizo ni MacBook: HomeBank haina kisakinishi rasmi cha Mac cha kubofya tu. Inabidi ipitie MacPorts au Homebrew, zana za kusakinishia programu kwenye Mac kwa kuandika amri, na mfumo wa Mac ukisasishwa huenda mkaanza tena. Kama nyumba ingekuwa na Windows na Linux tu, tungewaachia hiyo.

Money Manager Ex ipo kwa Windows, Mac, Linux na hata Android, nayo ni ya bure. Faili lake lina mwisho wa .mmb, na ukitaka linaweza kufungwa kwa neno la siri likawa .emb. Kwa mtu anayetaka kujua tu "pesa ya mwezi imeishia wapi", inatosha kabisa. Inapoanza kuelemewa ni kwenye mikopo, kwa sababu huandika upande mmoja wa muamala: pesa imetoka, basi. Na nyinyi mna mkopo, mna VICOBA, mna dola. KMyMoney huandika pande zote mbili, lakini nguvu yake iko zaidi upande wa Linux kuliko wa Mac.

Kwa hiyo jirani yako amesema kweli. GnuCash ni ya bure, inafunguka kwenye Windows, Mac na Linux, na faili ni lilelile bila kugeuzwa. Ule uhasibu uliokutisha ndio utakaowasaidia. Chukua rejesho la SACCOS. Tuseme mnalipa 180,000 kwa mwezi, ndani yake 150,000 ni deni lenyewe na 30,000 ni riba. Kwenye Excel watu wengi huandika 180,000 zote kuwa matumizi, halafu mwaka ukiisha hawajui deni limebaki kiasi gani. Kwenye GnuCash muamala huo mmoja unagawanywa: 180,000 zinatoka akaunti ya benki, 150,000 zinaenda kupunguza akaunti ya Mkopo SACCOS, 30,000 zinaenda Riba. Ukifungua orodha ya akaunti siku yoyote, deni lililobaki linasomeka palepale. Bonyeza kitufe cha Split juu ya daftari, mistari inafunguka, unajaza.

Ukigawanya vibaya, tuseme umeandika riba 20,000 badala ya 30,000, programu itafungua yenyewe akaunti inayoitwa Imbalance-TZS na kutupia humo zile 10,000. Usiifute. Ifungue, uone muamala upi haukulingana, urekebishe. Salio lake lirudi sifuri. Tunashauri uitazame akaunti hiyo kila Jumamosi kabla ya kufunga kompyuta.

Kuanza: fungua faili jipya, na kwenye ukurasa wa sarafu chagua TZS. Programu itapendekeza orodha ndefu ya akaunti za Kizungu. Chagua kifungu cha akaunti za kawaida tu, kisha badilisha majina. Msizidishe. Upande wa mali wekeni Taslimu, M-Pesa ya Mama, M-Pesa ya Baba, Benki, Dola Mkononi na Akiba VICOBA. Madeni: Mkopo SACCOS. Mapato: Mshahara, Tipu, Kutoka Dukani. Matumizi yasizidi kumi na mawili mwanzoni, na mojawapo liwe Makato ya Simu na Benki, ambalo familia nyingi hulisahau na kumbe kwa mwaka linakula pesa ya maana. Mkitoa 200,000 kwa wakala na makato yakawa, tuseme, 3,000, muamala ni huu: M-Pesa imepungua 203,000, Taslimu imeongezeka 200,000, Makato 3,000. Usipofanya hivyo salio la kwenye programu halitalingana na la kwenye simu hata mara moja.

Duka lisiingie humu. Duka liwe na faili lake, na kinachoingia kwenye faili la nyumbani ni kile tu ulichojilipa. Ukichanganya mtaji wa vitambaa na sukari ya nyumbani hakuna programu itakayokutenganishia.

Dola zinataka uangalifu. Unapotengeneza akaunti ya Dola Mkononi, pale kwenye sarafu chagua USD, na ya Tipu pia iwe USD. Mzee akishuka na dola 450, muamala ni dola kwa dola, hakuna kiwango kinachohitajika. Kiwango kinaingia siku ya kubadilisha. Akienda bureau akapewa 2,500 kwa dola, hamisha 450 kutoka Dola Mkononi kwenda Taslimu. Litafunguka dirisha dogo linalouliza kiwango au kiasi kilichopokelewa. Chagua kiasi, andika 1,125,000, yaani shilingi zilizoingia mfukoni kweli, na kiwango programu itakitafuta yenyewe. Kilichowachanganya kwenye Excel ni kwamba mmoja alitafsiri dola kuwa shilingi siku ya kupewa, mwingine siku ya kubadilisha. Kwa 450 hizohizo, tofauti ya shilingi 100 kwenye kiwango ni 45,000. Dola ambazo hazijabadilishwa ziacheni ziwe dola. Mara moja kwa mwezi ingia Tools, kisha Price Database, uandike kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo, ili ripoti ya jumla iweze kuzithamini kwa shilingi.

Tuje kwenye kuhamisha faili, maana hapo ndipo mifumo mitatu inapoonyesha makucha. Mzee akitaka kutazama hesabu, nakili faili kwenye flashi. Flashi ikipangwa upya (format) kwenye Windows huenda ikawekwa muundo wa NTFS. Mac inausoma lakini haiwezi kuandika juu yake. Ipangeni kwa exFAT, ambayo Windows, Mac na Ubuntu za sasa zote zinaisoma na kuiandika. Kupanga upya kunafuta kila kilichomo, basi hamisha picha za harusi kwanza. Na flashi isichomolewe kabla ya kuiambia kompyuta iitoe, hasa kwenye Mac. Faili likikatika katikati ya kuandikwa halitafunguka kabisa.

GnuCash ikifungua faili huweka pembeni yake kifaili chenye mwisho wa .LCK, ishara kwamba kuna mtu ndani. Ukifungua ukaambiwa imeshindwa kupata kufuli, una chaguo la kusoma tu, la kutengeneza faili jipya, na la kufungua kwa nguvu. Kama umeme ulikatika na una hakika hakuna mwingine aliyelifungua, fungua kwa nguvu. Kama huna hakika, soma tu. Watu hudhani kufuli hilo linawalinda hata kwenye folda ya mtandaoni. Halilindi, kwa sababu kifaili hicho nacho kinachelewa kufika upande wa pili. Folda ya mtandaoni itumieni kuhifadhi nakala za akiba, si kuandikia.

Kuhusu nakala: unapohifadhi kwa mtindo wa kawaida, XML, programu huacha kwenye folda ileile nakala ya zamani yenye tarehe na saa ndani ya jina lake, na huzitunza siku 30. Usiogope kuona mafaili mengi, ila usifungue ya zamani ukaanza kuandikia humo ukidhani ndilo lenyewe. Hilo hutokea sana kwa anayefungua kwa kubofya kwenye folda. Fungua kwanza programu, nayo italeta faili la mwisho. Kuna pia mtindo wa sqlite3, ambao huhifadhi kila muamala papo hapo bila kubonyeza Save. Unavutia kwa Moshi yenye umeme wa kukatika, lakini mtindo huo hauwatengenezei zile nakala za tarehe, na kosa nalo linahifadhiwa papo hapo. Baki na XML, na uache ile hifadhi ya kila baada ya dakika chache ikiwa imewashwa.

Mambo mengine hayasafiri na faili. Muundo wa tarehe ni wa kompyuta, si wa faili: 03/07 kwako ni tarehe 3 Julai, na kwenye MacBook iliyopangwa Kimarekani utaandika ukidhani hivyo na programu iweke 7 Machi. Kwenye kila kompyuta ingia Preferences, sehemu ya tarehe, uchague ISO, yaani mwaka-mwezi-siku. Ripoti ulizozipanga na kuzihifadhi nazo hubaki kwenye kompyuta ulikozitengenezea. Mzee asipoiona ripoti yako ya ada kwenye Mac, haijapotea.

Halafu matoleo. Ubuntu 22.04 huja na GnuCash 4.8 kwenye ghala lake la programu, wakati nyinyi Windows mtapakua ya mfululizo wa 5. Faili lililoguswa na toleo jipya linaweza kukataliwa na la zamani. Kijana asiichukue ya kwenye ghala, apakue ya Flatpak (kifurushi kinachofunguka kwenye Linux za aina nyingi) kutoka tovuti ya Flathub, na wote watatu mkae kwenye toleo moja. Kwa Mac kuna visakinishi viwili, cha Intel na cha chipu za Apple zenyewe. Bofya alama ya tofaa juu kushoto, kisha About This Mac, mjue ni ipi kabla ya kumaliza bando. Na kumbuka GnuCash haina neno la siri. Flashi ikipotea stendi, aliyeiokota atasoma kila kitu. VeraCrypt, ya bure na ya mifumo yote mitatu, inaweza kutengeneza sehemu iliyofungwa ndani ya flashi.

Swali lako la mwisho: msitegemee programu yoyote kati ya hizi ivute yenyewe taarifa za benki za hapa au M-Pesa. Njia iliyopo ni kuingiza faili. Kama benki yenu inatoa taarifa kwa Excel au CSV (faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma), ombeni hiyo badala ya PDF. Ifungue, hifadhi kama CSV, kisha ndani ya GnuCash ingia File, Import, Import Transactions from CSV. Taarifa za benki huwa na mistari kadhaa juu yenye jina, anwani na namba ya akaunti. Kwenye dirisha linaloongoza uingizaji, iambie programu iiruke mistari hiyo, la sivyo kila mstari utawekewa alama ya kosa. Chagua d-m-y kwa tarehe. Chagua pia muundo wa namba wenye koma za maelfu na nukta ya senti. Pesa iliyoingia na iliyotoka zikiwa kwenye safu wima mbili, ya kwanza iite Amount na ya pili Amount Negated; ukikosea hapo, salio litaonyesha umetajirika. Mwishoni programu itakuuliza kila muamala uende akaunti gani. Mwezi wa kwanza utachoka, ila huwa inakumbuka majina, na miezi inayofuata itapendekeza yenyewe. Miamala uliyokwisha kuiandika kwa mkono angalia imewekwa alama ya C, ya kulinganisha, isiwe A ya kuongeza, ama utakuwa na ada mbili za muhula mmoja.

Kwa M-Pesa, ambayo taarifa yake huja kwa PDF, kuhangaika kuigeuza hakulipi kwa familia yenye miamala michache kwa siku. Andika kutoka kwenye meseji, jioni, na linganisha salio la mwisho. Mzee akiwa mlimani aandike kwenye kijitabu. Safari nzima huwa haimpi mistari mingi, na akishuka utaiingiza kwa kikao kimoja.

Msihamishe Excel yote ya nyuma. Chagueni tarehe 1 ya mwezi ujao, hesabuni kila kilichopo siku hiyo, pamoja na deni la SACCOS kwa barua yao na dola zilizo kwenye bahasha, muingize kama salio la kuanzia. Ya nyuma yabaki kwenye Excel kwa kumbukumbu.

Jambo moja hukuliuliza lakini linakuhusu: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na prosesa isiyo ya zamani sana, na kompyuta nyingi za mezani zilizouzwa zikiwa zimetumika hukwama kwenye TPM au prosesa. Yako ikikwama, kijana anaweza kukuwekea Linux hapo hapo dukani na faili la GnuCash likaendelea lilivyo. Kabla hajafuta chochote, nakili faili la hesabu pamoja na folda ya GnuCash iliyo ndani ya AppData (folda ya Windows iliyofichwa, inayotunza mipangilio ya programu), mlifungue kwanza kwenye laptopu yake, na salio la kila akaunti lilingane na la kwenye skrini yako.